Sindano ya shaba: kombora dogo linavyotoboa kifaru, na soko linaloligombania

Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, simu zetu zimejaa video za vifaru vinavyoteketea. Mtu anaitazama akiwa kwenye foleni ya daladala, anamwonyesha aliyesimama pembeni yake, na maelezo huwa ni yale yale: kombora lile lina moto mkali kupindukia, likigusa chuma kinayeyuka kama mshumaa, basi linajipenyeza ndani. Nimeyasikia kijiweni, nimeyasikia redioni, nimeyasoma hata kwenye magazeti ninayoyaheshimu. Si kweli. Deraya ya kifaru, yaani ganda nene linalokikinga, haiyeyushwi. Kinachotokea ni cha ajabu kuliko moto, na ukishakielewa utaona pia kwa nini silaha hizi zimetapakaa dunia nzima, kwa nini moja inauzwa dola mia chache na nyingine dola laki 2, na kwa nini viwanda vinavyozitengeneza vinashindwa kukidhi mahitaji.

Anza na ndoo ya maji. Iweke ikiwa imejaa chini ya bomba linalovuja, acha maji yatulie, kisha inama utazame tone moja linapoanguka. Tone linachimba kishimo juu ya maji. Kuta za kishimo hicho zinarudi kwa haraka, zinakutana katikati, na pale zinapokutana maji hayana pa kwenda ila juu. Hapo ndipo kijiuzi chembamba cha maji kinaporuka hewani. Hakuna mkono uliokisukuma. Kimezaliwa na shimo linalojiziba. Au kamata mbegu ya ndimu yenye utelezi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, uibane. Vidole vinasogea taratibu, mbegu inachomoka kwa kasi ambayo vidole havikuwa nayo.

Sasa badala ya maji weka shaba, na badala ya tone weka kilipuzi. Kwenye kichwa cha kombora la kupambana na vifaru kuna kilipuzi kilichochongwa shimo upande wa mbele, shimo lenye umbo la faneli, kama ile tunayomiminia mafuta ya taa kwenye chupa, mdomo wake mpana ukimtazama adui. Shimo hilo limevishwa bati la shaba. Nitaita mpango huo kilipuzi cha faneli. Kilipuzi kinawashwa kwa nyuma, wimbi la mlipuko linapita, na faneli ya shaba inakunjwa kuelekea mstari wake wa katikati, kama kuta za kile kishimo cha maji. Kuta zinapogongana, sehemu ndogo ya shaba inachomoka mbele ikiwa uzi mwembamba. Sehemu kubwa inabaki nyuma kama donge na kufuata kwa mwendo wa pole zaidi.

Ncha ya uzi huo hukimbia kilomita 8 kwa sekunde, na mara nyingine zaidi. Risasi ya AK-47 hutoka kwenye mtutu kwa kama mita 715 kwa sekunde, kwa hiyo uzi wa shaba unaizidi zaidi ya mara kumi. Kwa mwendo huo safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa ingekwisha kwa dakika moja. Ila uzi huu hauna safari ndefu. Kazi yake yote inaanza na kumalizika ndani ya umbali wa hatua moja au mbili, na kwa muda ambao ukipepesa jicho mara moja tu, ingeweza kurudiwa mara mia.

Kwenye mgongano wa kasi namna hiyo shinikizo ni kubwa kiasi kwamba ugumu wa chuma unakosa maana. Chukua mpira wa maji, uelekeze kwenye tope laini. Maji yanachimba, tope linasukumwa pembeni, na maji yenyewe yanatumika njiani, kila tone likifanya kazi yake na kuishia pale. Ndivyo shaba inavyoingia kwenye deraya: inaliwa kuanzia nchani, milimita kwa milimita, huku ikikisukuma chuma kando. Mwaka 1948 wanasayansi wanne, Garrett Birkhoff, Duncan MacDougall, Emerson Pugh na Geoffrey Taylor, walichapisha hesabu ya jambo hili, na matokeo yake yanaweza kuandikwa kwenye kiganja: kina cha tundu ni urefu wa uzi, mara kipeuo cha pili cha densiti ya uzi (uzito wake kwa ujazo) ikigawanywa kwa densiti ya deraya. Shaba ni kama gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma ni kama 7.85, kwa hiyo uzi wa nusu mita unachimba nusu mita na ushee.

Angalia kilichokosekana kwenye hesabu hiyo. Ugumu wa chuma haumo. Hata kasi haimo, mradi iwe kubwa vya kutosha. Kwa waliokuwa wakitengeneza vifaru hiyo ilikuwa taarifa ya msiba: unaweza kupika chuma bora kuliko vyote duniani, na uzi wa shaba usijali.

Kuhusu joto, chimbuko la kosa linajulikana. Kwenye majeshi yanayotumia Kiingereza makombora haya huandikwa kwa herufi nne, HEAT, ambazo ni kifupisho tu cha maneno yanayosema kilipuzi kikali cha kupambana na vifaru. Kwa bahati mbaya herufi hizo zikisomwa pamoja zinatoa neno la Kiingereza la joto, na watu wakaamini jina. Wataalamu waliopima joto la uzi wa shaba walilikuta chini ya nyuzi 1,085, kiwango ambacho shaba huyeyuka. Ni yabisi inayotiririka. Anayekanda unga wa chapati anaijua hali hiyo: ukilibana donge kwa nguvu linapenya kati ya vidole, na hujaliyeyusha.

Na ule moto mkubwa wa kwenye video? Mara nyingi ni mali ya kifaru chenyewe. Tundu linalotobolewa si pana. Hata kidole kinaweza kulijaza. Lakini mabaki ya shaba na vipande vya chuma vinavyobanduka upande wa ndani vinatawanyika kwenye chumba kidogo chenye watu, mafuta na risasi za mzinga. Kwenye T-72 ya Kisovieti, risasi 22 hupangwa kwa duara sakafuni, chini ya askari wawili wanaokaa kwenye mnara wa mzinga. Uzi ukizifikia, baruti zake zinalipuka kwa pamoja na mnara mzima wenye uzito wa tani kadhaa unarushwa hewani. Huo ndio moto tunaouona. Sisi wa Afrika Mashariki tulilisikia sana jina la T-72 mwaka 2008, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya MV Faina ikiwa na vifaru 33 vya aina hiyo njiani kuja Mombasa. Ndani ya kila kimoja hukaa watu watatu. Nawaomba wanaosambaza video zile wakumbuke hesabu hiyo.

Herufi kwenye chuma

Aliyeufanya ulimwengu uitazame siri hii ni mkemia wa Marekani, Charles Munroe, aliyekuwa kwenye kituo cha jeshi la majini huko Newport, Rhode Island. Mwaka 1888 alikuwa akilipua matofali ya baruti juu ya mabamba ya chuma. Kwenye tofali kulikuwa kumechongwa herufi za jeshi lake, U.S.N., zimezama ndani kidogo. Baada ya mlipuko, herufi zile zile zilikutwa zimechimbwa kwenye chuma. Mtu angetarajia kinyume: pale penye herufi baruti ni pungufu, basi chuma kiumie kidogo. Chuma kiliumia zaidi hasa pale ambapo baruti ilipungua. Wajerumani walikuwa wameliona jambo la jinsi hiyo miaka michache kabla, lakini ni jina la Munroe lililobaki.

Ugunduzi huo ulikaa nusu karne bila kazi kubwa. Kilichoupa meno ni bati la ndani. Miaka ya 1930, Franz Rudolf Thomanek wa Austria na Henry Mohaupt wa Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba shimo likivishwa chuma chembamba nguvu ya kutoboa inaongezeka kupita kiasi. Tarehe 10 Mei 1940 dunia ikalipishwa gharama ya somo hilo. Askari wa Kijerumani wasiozidi 90 walitua kwa ndege zisizo na injini juu ya paa la Eben-Emael, ngome ya Ubelgiji iliyosifiwa kuwa haiingiliki, wakaweka kwa mikono yao vilipuzi vyenye shimo juu ya makuba ya chuma yaliyobeba mizinga. Vikubwa zaidi kati ya vilipuzi hivyo vilikuwa na uzito wa kilo 50. Mizinga ikanyamazishwa ndani ya dakika chache, na kesho yake ngome ikasalimu amri ikiwa na mamia ya askari ndani.

Naomba usimame kidogo kwenye tukio hilo, maana ndani yake kuna jibu la karibu maswali yote ya soko la leo. Vilipuzi vile havikurushwa. Viliwekwa, kama mtu anavyoweka sufuria jikoni. Kabla ya hapo, anayetaka kutoboa chuma kinene alihitaji mwendo: mzinga mrefu, baruti nyingi, gari zito la kuuvuta, chuma kigumu cha kurusha. Mwendo ni ghali, na ni mataifa tu yenye viwanda yaliyoweza kuununua. Kilipuzi cha faneli kinabeba mwendo wake tumboni. Kiweke kwa mkono, kirushe taratibu kwa bomba la bati, kifungie kwenye droni inayopaa kama nzi, kitatoboa vile vile. Kazi pekee ya aliyekibeba ni kukifikisha.

Ndiyo maana bazuka ikawezekana. Mohaupt alikwenda Marekani na ujuzi wake, jeshi likatengeneza guruneti lenye faneli, na guruneti likawa zito mno kwa mtu kulitupa kwa mkono. Luteni kijana, Edward Uhl, alisimulia kwamba siku moja alipita kwenye lundo la vyuma chakavu akaona bomba lenye upana sawasawa na guruneti lile. Akaliweka begani akalenga, naye kiongozi wake, Leslie Skinner, tayari alikuwa na roketi ndogo. Mwaka 1942 silaha ilikuwa vitani Afrika Kaskazini, imepewa jina la tarumbeta ya mzaha ya mchekeshaji Bob Burns, na jina hilo limefika mpaka kwenye Kiswahili chetu. Wajerumani wakajibu kwa Panzerfaust, bomba la kutumia mara moja na kulitupa, wakatengeneza zaidi ya milioni 6. Wasovieti wakachukua mawazo ya pande zote mbili, na mwaka 1961 RPG-7 ikaingia jeshini.

Sina haja ya kuieleza sana RPG-7. Nani asiyeijua sura yake? Bomba la milimita 40, roketi yenye kichwa kinene kilichochomoza mbele, mbao katikati ili mpigaji asiungue. Bomba lenyewe lina uzito wa kilo 7 hivi. Imetengenezwa Urusi, Bulgaria, China, Iran, Pakistani, Misri na kwingineko, na hata kampuni ya Kimarekani imewahi kuuza nakala yake. Kwenye vita ambavyo havina vifaru imegeuziwa shabaha nyingine: tarehe 3 Oktoba 1993, Mogadishu, ilizidungua helikopta mbili za Black Hawk.

Toyota na jangwa

Kama kuna tukio moja ambalo ningetaka kila Mwafrika anayejali mambo ya ulinzi alijue, ni Fada, kaskazini mwa Chad, tarehe 2 Januari 1987. Libya ya Gaddafi ilikuwa imeweka hapo brigedi yenye vifaru vya T-55 na magari ya deraya. Chad ya Hissène Habré haikuwa na kitu cha kulinganisha. Ilikuwa na pikapu za Toyota, madereva waliolijua jangwa, na makombora ya Milan yaliyotolewa na Ufaransa.

Milan ni kombora la waya. Likifyatuliwa linafumua nyuma yake waya mwembamba kama uzi wa kushonea, na kupitia waya huo linapokea maelekezo mpaka mwisho, umbali wa kilomita 2 hivi. Mpigaji hana kazi nyingine ila kuishikilia shabaha kwenye darubini yake kwa sekunde kumi na kitu bila kutetereka. Kombora lenyewe halina haraka; kichwani limebeba faneli. Pikapu ilikuja kwa kasi, ikasimama, ikafyatua, ikaondoka kabla mnara mzito wa T-55 haujageuka. Siku hiyo Libya ilipoteza vifaru karibu 90 na askari zaidi ya 700. Chad ilihesabu waliouawa wake kuwa 18. Mwezi Machi kambi kubwa ya anga ya Ouadi Doum nayo ikaanguka, na waandishi wa habari wakaviita vita hivyo Vita vya Toyota.

Majenerali walikuwa wameonywa mapema. Oktoba 1973 askari wa miguu wa Misri walivuka mfereji wa Suez wakiwa na Malyutka, kombora la Kisovieti la kilo 11 linalobebwa kwenye kisanduku kama sanduku la safari, wakavisimamisha vifaru vya Israel jangwani Sinai. Lakini Misri ilikuwa na jeshi kubwa lililofunzwa kwa miaka. Chad ilionyesha kwamba hata nchi maskini, ikiwa na gari la kawaida la kubebea mizigo, inaweza kufanya hivyo.

Mjenga na mbomoaji

Wenye vifaru hawakukaa bure. Waingereza walibuni deraya ya Chobham, iliyotangazwa miaka ya 1970, yenye matabaka ya vitu tofauti pamoja na kauri. Uzi unapopenya kauri unapindishwa na kuvurugwa, na uzi uliopinda hauchimbi. Mjerumani Manfred Held akaja na wazo linalosikika kama wazimu: kukivika kifaru vilipuzi. Bamba mbili za chuma, katikati baruti, kama mkate wenye kipande cha nyama. Uzi ukitoboa, baruti ya katikati inalipuka na kuzirusha bamba kukingama njia ya uzi, zikiukatakata. Israel iliitumia vitani Lebanon mwaka 1982. Jibu la mafundi wa makombora lilikuwa la haraka: faneli mbili kwenye kombora moja, ndogo mbele ya kuifyatua ile deraya yenye baruti, kubwa nyuma ya kufanya kazi.

Vile vizimba vya nondo vinavyofungwa kwenye magari, mfano wa banda la kuku, vinaeleweka vibaya karibu kama suala la joto. Husemwa kwamba kazi yake ni kulilipua kombora mbali ili uzi ufike umechoka. Hilo lina ukweli kidogo tu. RPG-7 kwenye pua yake ina kioo cha piezo, kijiwe kinachotoa umeme kikigongwa, na umeme huo hupita kwenye ganda la kichwa hadi kwenye fyuzi ya nyuma, yaani kiwashio cha kilipuzi. Kichwa kikikwama kati ya nondo mbili, ganda linabonyezwa, njia ya umeme inaharibika, na kilipuzi kinashindwa kuwaka ipasavyo. Kizimba kinafanikiwa pale pua inapopita kwenye nafasi. Pua ikigonga nondo yenyewe, bahati imekwisha.

Halafu kuna makombora yanayokwepa ubishi wote kwa kupita juu. Deraya nene ya kifaru iko mbele. Paa ni jembamba. Javelin ya Marekani inapaa juu kisha inaangukia paani, na NLAW iliyobuniwa na Saab ya Uswidi inapita juu ya kifaru na kufyatulia chini. Dhidi ya hayo Israel imeweka kwenye vifaru vyake Trophy, rada na mtambo unaolipiga kombora likiwa bado hewani, na Machi 2011 ulifanya kazi hiyo vitani kwa mara ya kwanza, mpakani na Gaza.

Nani ananunua

Swali la bei linawachanganya wengi. Javelin moja hugharimu takriban dola laki 2, kichwa cha RPG-7 ni dola mia chache, na vyote viwili vina faneli ya jamaa moja. Tofauti ni jicho. Javelin inaona joto la kifaru, inalikumbuka, inalifuata yenyewe huku mpigaji akiwa ameshakimbia kujificha. Rais Joe Biden alipotembelea kiwanda chake huko Troy, Alabama, Mei 2022, alisema kila Javelin ina chipu za kompyuta zaidi ya 200. Faneli unaweza kuongeza haraka. Jicho linasubiri chipu, lenzi, mafundi waliobobea.

Marekani imeipa Ukraine zaidi ya Javelin 10,000, na ghala zikaanza kuonekana sakafu. Watengenezaji wake wawili, Lockheed Martin na Raytheon, walikuwa wakitoa kama 2,100 kwa mwaka, wakalenga kufikia karibu 4,000 ifikapo mwishoni mwa 2026, na mwaka 2023 wakapewa mkataba wa miaka kadhaa unaoweza kufikia dola bilioni 7.2. Uingereza, iliyokuwa imeyasafirisha maelfu ya NLAW kwenda Ukraine, Desemba 2022 iliagiza maelfu mengine kwa pauni milioni 229. Poland inaunda kombora la Spike la Israel kwa leseni kwenye kiwanda cha Mesko. Saab imepata kibali cha kujenga India kiwanda cha Carl-Gustaf, bunduki-bomba ambayo asili yake ni miaka ya 1940 na bado inanunuliwa. Korea Kusini, Uturuki na China zina makombora yao, Afrika Kusini ina Ingwe. Matumizi ya kijeshi ya dunia nzima mwaka 2024, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm, yalifika dola bilioni 2,718, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Kila jeshi lililotazama video zile zile tulizozitazama sisi limeondoka na orodha ya manunuzi.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi kwa maoni yangu hayakutoka kwenye mikataba hiyo. Yalitoka kwenye karakana za Ukraine, ambako mafundi walichukua droni ndogo ya mashindano yenye kamera, ya bei ya kama dola 500, wakaifungia kichwa cha RPG-7 kwa kamba za plastiki. Rubani anavaa miwani na kuona kile droni inachokiona. Jicho la dola laki limebadilishwa kwa macho ya kijana aliyejificha kilomita kadhaa nyuma, na faneli ya mwaka 1961 imepata mbawa. Inapinda kona, inazunguka kizimba, inatafuta sehemu nyembamba nyuma ya mnara. Desemba 2023 Rais Zelensky alitangaza lengo la kuunda droni milioni moja kwa mwaka uliofuata. Adui akaanza kuvuruga mawimbi ya redio, na mwaka 2024 droni zikaanza kuruka zikifumua nyuma yao uzi wa kioo wa kilomita 10 na zaidi. Waya wa Malyutka na Milan umerudi.

Kwa soko, maana yake ni kwamba vichwa vya zamani vilivyokuwa vikioza maghalani vimepata thamani upya. Na soko la vitu vya zamani ndilo linalotugusa sisi. Hatununui Javelin kwa maelfu huku kwetu, tunarithi. RPG-7 zilizoingia kwa vita vya Somalia, Sudan, kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo zimebadilisha mikono kuliko noti ya shilingi elfu. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 iliziorodhesha silaha za kupambana na vifaru pamoja na silaha nyingine nyepesi ambazo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziliahidi kuzidhibiti, kuzitia alama na kuziharibu zilizozidi. Mkataba umeandikwa vizuri. Alama inayogongwa kwenye bomba, hata hivyo, haimfuati mtu aliyenunua roketi tatu bila bomba.

Roketi zilizofyatuliwa zisilipuke ndizo zinazoninyima usingizi zaidi. Kile kioo cha piezo nilichokitaja hakihitaji betri, kwa hiyo hakichakai kwa betri kuisha. Roketi iliyokwama kwenye shamba la mihogo inaweza kulala hapo miaka, imeota kutu, mapezi yamevunjika, inafanana na kichezeo au chuma cha kupimia kilo kwa mnunuzi wa chakavu. Mtoto akiigonga kwa jiwe, kioo kinaweza kutoa cheche yake ileile. Watu wa kutegua mabomu wanaiogopa hiyo kuliko vilipuzi vingi vikubwa, na mara nyingi hawaibebi hata kidogo. Wanailipulia palepale ilipo. Silaha hii haikuwahi kuhitaji mwendo ili iue, kwa hiyo kulala chini hakujaipunguzia kitu. Ukiiona, usiisogeze kwa fimbo, usiimwagie maji, usiwashe moto karibu nayo ili kuchoma magugu. Rudi kwa njia uliyoijia, weka alama ya jiwe au tawi mbali nayo, uwazuie watoto, umpigie simu mjumbe, polisi au jeshi.